Kipimo cha Tai

Tulimkuta chini ya nguzo ya tisa. Alikuwa amelala chali kwenye nyasi zenye umande, mabawa wazi, kama mtu aliyetandaza mikono kumpokea mgeni. Kifua cheupe, mgongo mweusi, mkia wa rangi ya matofali. Mzee hakumtazama yeye kwanza. Aliinua macho juu ya nguzo, akahakikisha hakuna waya uliokatika wala unaoning'inia, ndipo akaniashiria nisogee. Akachuchumaa, akaugeuza mguu wa ndege kwa kijiti. Kidole kimoja kilikuwa kimeungua mpaka mfupani, na kwenye kifundo cha bawa la kulia palikuwa na alama nyeusi, ndogo kuliko sarafu ya shilingi.

"Stima imeingilia hapa," akasema akionyesha bawa, "ikatokea hapa mguuni. Basi."

Ndege huyo wataalamu humwita augur. Kiswahili cha vitabuni humwita shakivale, na wakulima wengi wa Naivasha humwita kipanga tu, kama wanavyowaita ndugu zake wote. Ni rafiki wa shamba. Hushinda juu ya kitu kirefu akiangalia chini, na chakula chake ni panya, fuko na nyoka. Nilivaa glavu, nikatoa futikamba ya baba yangu mkobani, nikaitandaza kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya lingine. Ilipofika sentimita 130 ndege akawa amekwisha. Kipande kilichobaki kilikuwa kifupi kuliko shibiri yangu.

"Huyu ni mdogo," Mzee akasema taratibu. "Wako ambao futikamba yako haitawatosha."

Hatukumchukua. Mzoga wa mnyamapori si mali ya mtu, na sheria ya Kenya iko wazi kuhusu hilo. Tulipiga picha, tukaandika namba ya nguzo, Mzee akawapigia simu watu wa wanyamapori. Kisha tukaendelea kutembea chini ya laini, nguzo ya kumi, ya kumi na moja, mimi nikiwa nimeikunja futikamba kiganjani.

Baba alikuwa fundi wa kanzu Mji wa Kale, Mombasa. Aliamini kwamba nguo mbaya haianzii kwenye mkasi, huanzia kwenye kipimo. Mteja aliyemshonea miaka ishirini akija, alimpima upya toka shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu. Akiulizwa sababu, jibu lake lilikuwa moja: mwili ndio unaotawala mkasi. Alipofariki, ndugu zangu waligawana vitu vya maana. Mimi niliomba futikamba, ile ya manjano, yenye vichuma kwenye ncha zote mbili na namba za mwanzo zilizofutika kwa kushikwa. Nitaeleza baadaye kwa nini niliibeba safari hii.

*

Nilikuwa nimeondoka Nairobi jana yake kwa matatu. Barabara ya kushuka Bonde la Ufa naijua, na kila mara nimeipita nikiangalia kile wanachokiangalia wote: ukingo unaokatika ghafla, tambarare ya rangi ya simba kule chini, na mlima Longonot na kinywa chake kilichochanika. Safari hii macho yangu yalikuwa kwenye nguzo. Ziko kila mahali. Zinapanda nasi, zinashuka nasi, zinavuka malisho, zinaingia kwenye mashamba ya maua, zinaishia kwenye kijumba cha mabati chenye taa moja. Nimeandika habari za umeme kwa miaka mingi: vijiji vilivyounganishwa, bili zilizopanda, giza lililoingia ghafla. Sikuwahi kuandika hata mstari mmoja juu ya wanaokaa kileleni mwa nguzo.

Na wapo. Kati ya Mai Mahiu na Naivasha niliwahesabu watano kabla shingo haijachoka. Ukiwatazama unaelewa mara moja kwa nini wamechagua pale. Tambarare hii ina miti michache mirefu, na mingi iliyokuwapo imekatwa. Ndege anayewinda kwa macho anataka kiti cha juu, chenye upepo wa kumsaidia kuruka na uwazi wa kuona panya akikatiza njia. Nguzo ya umeme ina yote hayo. Tumeondoa mti, tukasimamisha gogo mahali pake, naye akaja kukaa kama alivyozoea kukaa babu yake.

Wahenga walisema mgeni aje, mwenyeji apone. Katika nchi hii ya tai, nguzo ndiyo mgeni. Imefika juzi. Swali lililonipeleka Naivasha ni kama mwenyeji amepona.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 unatoa jibu baya. Watafiti walilinganisha hesabu za ndege wawindaji zilizofanywa kando ya barabara za Kenya kati ya mwaka 1970 na 1977 na zile za kati ya mwaka 2003 na 2020. Katika aina 22 walizochunguza, 19 zilikuwa zimepungua. Tai mdogo mwenye kishungi kirefu, aliyekuwa wa kawaida kando ya mashamba, alikuwa amepungua kwa zaidi ya asilimia 90, na shakivale hali kadhalika. Nguzo si mkosaji wa pekee. Kuna sumu inayotegwa kwa ajili ya simba na fisi, kuna misitu iliyofyekwa, kuna malisho yaliyogeuka mashamba. Lakini nguzo ni mkosaji wa namna ya peke yake, kwa sababu hakuna mtu anayeitaka kazi hiyo ifanyike. Hakuna fundi aliyewahi kupanda juu kwa nia ya kumuua tai. Kifo kile kimechorwa kwenye karatasi na mtu aliyekuwa akiwaza jambo lingine kabisa.

*

Mwenyeji wangu, huyo Mzee, ni fundi wa laini aliyestaafu. Amepanda nguzo kwa zaidi ya miaka thelathini, na viganja vyake ni vigumu kama kwato. Nyumba yake iko upande wa kusini wa Ziwa Naivasha, nyuma ya migunga ya manjano, na uani kwake kuna kitu kinachowashangaza wapita njia: kichwa cha nguzo, saizi kamili, kilichotengenezwa kwa mbao na kusimamishwa kwa urefu wa mtu. Kina mkono uliokingama, vikombe vitatu vya kushikia nyaya, nyaya tatu za kamba, na kando yake transfoma ya debe. Amekijenga ili awafundishe vijana wanaotaka kazi ya laini. Jioni ile, chai ikiwa mezani, akaniita nisimame mbele yake.

"Binti yangu, watu huniuliza kila siku: mbona kunguru anakaa juu ya waya wa stima na hafi? Wewe ungewajibu nini?"

Nilijaribu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanisahihisha kwa mikono yake. Umeme hauna chuki na ndege, alisema, unatafuta njia tu. Ndege aliyekaa kwenye waya mmoja miguu yake yote miwili iko kwenye volti zilezile. Mwili wake hauendi popote, kwa hiyo umeme unaendelea na safari yake ndani ya waya. Lakini akigusa waya wa pili, amekuwa daraja. Na akigusa waya mmoja huku sehemu nyingine ya mwili wake iko kwenye chuma kilichoungana na ardhi, amekuwa daraja vilevile. Laini zinazopita vijijini nyingi hubeba volti 11,000 au 33,000. Daraja la nyama haliwezi kubeba mzigo huo hata kwa kufumba na kufumbua.

Kwa hiyo jambo lote ni urefu. Shomoro hawezi kuufikia waya wa pili hata angetaka. Tai anaufikia kwa kujinyoosha tu, kwa kupiga bawa akitua, kwa kumlisha mwenzake, kwa kutingishwa na upepo. Kinda wa mwaka wa kwanza, ambaye bado anajifunza kutua, yuko hatarini kuliko mzazi wake. Na mvua huzidisha: manyoya makavu hupitisha umeme kwa shida sana, lakini yakilowa ulinzi huo unaondoka. Ndiyo maana baada ya manyunyu ya usiku, Mzee hupenda kutembea chini ya laini asubuhi mapema, kabla fisi na mbwa hawajasafisha ushahidi. Mizoga mingi haionwi na mtu yeyote. Anayehesabu anahesabu masalio.

Minara mikubwa ya chuma, ile inayovuka milima ikiwa na volti 132,000 au 220,000, haiui kwa namna hii, kwa sababu nyaya zake zimetenganishwa mno. Madhara yake ni ya kugongwa: heroe, mwari na korongo wakiruka alfajiri au kwenye ukungu hawauoni waya mwembamba wa juu. Dawa yake ni kuning'iniza juu ya waya alama zinazoonekana kwa mbali. Lakini hiyo ni habari nyingine. Tai na shakivale huuawa na nguzo ndogo, ile iliyo jirani yetu, ile tunayofungia mbuzi.

Mzee aliniwekea kiganja changu juu ya mkono wa nguzo ile ya mbao, akanyoosha vidole vyangu kuelekea juu. Shibiri moja na vidole viwili, na nilikuwa nimeufikia waya. Kutoka waya hadi waya palikuwa kidogo kupita nusu ya futikamba.

"Hii ndiyo saizi ya nini?" nikamuuliza.

"Ya stima," akajibu. "Stima inatosha hapa. Ukiiacha nafasi hii, nyaya hazilipukiani. Aliyechora alimpima stima. Hakumpima mwenye kukaa."

*

Wazee wetu wa pwani walipima dunia kwa miili yao. Shibiri mbili ni dhiraa. Dhiraa mbili ni wari. Wari mbili ni pima, yaani mikono miwili ikinyooshwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Kila mtu alizaliwa na pima yake. Tai naye anayo, naye huitandaza kila anapotua.

Mtu aliyewahi kuichukua pima hiyo kwa ajili ya nguzo alikuwa Morlan Nelson, mfunzaji wa tai na kozi aliyeishi Boise, katika jimbo la Idaho nchini Marekani. Mwaka 1971 mizoga mingi ya tai ilipatikana katika majimbo ya Wyoming na Colorado. Wengi walikuwa wameuawa kwa sumu na risasi, lakini uchunguzi ulifichua pia waliouawa na umeme. Kampuni ya umeme ya Idaho ikamwendea Nelson. Hakuanza na hesabu. Vilisimamishwa vichwa vya nguzo visivyo na umeme, akawaachia tai wake watue juu yake, na kila kutua kukapigwa picha za sinema. Ilionekana miguu inakamata wapi, bawa linafunguka kuelekea wapi, upepo unamsukuma upande gani. Katika kazi za miaka ile ilibainika kwamba hata mwelekeo wa mkono wa nguzo una maana: ukilazwa sambamba na upepo uliozoeleka, ndege anayetua husukumwa kwenye nyaya kwa urahisi zaidi kuliko ukikingama mbele ya upepo.

Mwaka 1975 ukatoka mwongozo wa kwanza wa nguzo salama kwa ndege wawindaji, na katika mapendekezo hayo ikakomaa namba moja ambayo mafundi wa nchi nyingi wanaijua leo: inchi 60 kati ya kitu kimoja chenye umeme na kingine, au kati yake na chuma cha ardhi. Namba hiyo haikutoka kwenye pima nzima ya tai, kwa kuwa manyoya ya ncha, yakiwa makavu, si hatari kubwa. Kinachohesabiwa ni nyama: kutoka kifundo cha bawa moja hadi kifundo cha lingine.

Niliisoma namba hiyo usiku mmoja nyumbani, Nairobi, nikasimama katikati ya sentensi. Nilikwenda kabatini nikaitoa futikamba ya baba. Upande mmoja ina sentimita 150. Upande wa pili ina inchi 60. Nafasi ambayo tai anahitaji ili asife juu ya nguzo ni futikamba moja ya fundi cherehani, kutoka chuma hadi chuma. Nilikaa nayo mapajani muda mrefu. Kesho yake nikampigia simu Mzee.

Nelson alisema jambo jingine ambalo kwangu ni habari njema kuliko zote katika suala hili. Alikadiria kwamba asilimia 95 ya vifo vile vingeweza kuzuiwa kwa kurekebisha asilimia 2 tu ya nguzo. Ndege hawakai kwenye kila nguzo. Wanazo zao: iliyo juu ya kilima, iliyo pembeni mwa shamba lenye panya, iliyo peke yake kwenye uwanda. Tulipotembea na Mzee niliona alivyozitambua bila kuinua kichwa. Chini ya nguzo inayopendwa kuna chokaa ya kinyesi, kuna vidonge vya manyoya na mifupa midogo alivyovitapika ndege, kuna unyoya mmoja au mawili. "Hii wanakaa," alisema. "Hii hawakai. Hii wanakaa, na ina transfoma." Kwenye hiyo ya mwisho alinyamaza kidogo. Nguzo yenye transfoma ndiyo mbaya kupita zote, kwa sababu pale fyuzi, vizuia radi na nyaya fupi wanazoziita jampa zimesongamana mahali padogo, zote zikiwa uchi.

*

Dawa zipo, na Mzee alinionyesha zote kwenye kichwa chake cha mbao. Nilipomwangalia akifanya kazi nilimwona baba. Fundi wa nguo naye hana hila nyingi: ama apanue, ama ashushe, ama aongeze bitana.

Kupanua ni kuurefusha mkono wa nguzo mpaka nyaya ziachane kwa futikamba nzima. Kushusha ni kuuteremsha mkono chini, waya wa kati ukabaki juu ya kilele peke yake, ili ndege atue kwenye mbao na nyaya zote ziwe mbali na mabawa yake. Namna nyingine ya kushusha ni kuzigeuza zile nyaya: badala ya kusimama juu ya vikombe, zikaning'inia chini ya mkono, na ndege akakaa juu yake kwa amani. Bitana ni kuvika. Mahali pasipo na nafasi ya kupanua wala kushusha, kama kwenye transfoma, jampa huvishwa mpira maalumu na vichwa vya transfoma hufunikwa kwa vifuniko vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ndege akigusa, amegusa nguo, hakugusa mwili.

Dawa ambayo Mzee haipendi ni ile ya kuweka miiba ili ndege asikae. "Unamfukuza kwenye kiti, anahamia kwenye kingine," alisema. Mara nyingine anahamia karibu zaidi na waya. Miiba ina mahali pake, lakini haifai kuwa wazo la kwanza. Afadhali kumjengea kiti kirefu cha mti juu ya nyaya, kama walivyofanya Idaho, kuliko kumpiga vita.

Kuna jambo moja lililomtia Mzee wasiwasi wa kweli, nalo ni zege. Nguzo ya mkaratusi ikioza huanguka, na nguzo ya zege hudumu, kwa hiyo siku hizi za zege zinaongezeka. Lakini ndani ya zege kuna nondo za chuma zinazoshuka mpaka ardhini, na juu yake umefungwa mkono wa chuma. Kwenye nguzo ya mti iliyo kavu, ndege akikaa kwenye mkono na kugusa waya mmoja anaweza kupona, kwa kuwa mti haumpi umeme njia nzuri ya kushuka. Kwenye zege waya mmoja unatosha. Nguzo imara kwa binadamu imekuwa kali zaidi kwa ndege, na bado inaweza kutengenezwa ikawa salama kwa gharama ndogo, mradi uamuzi ufanyike kabla haijasimamishwa. Baada ya hapo kila marekebisho yanataka kuzima laini, kupandisha mafundi na kuwakatia watu umeme.

Ujerumani waliliona hilo. Sheria yao ya mwaka 2002 iliamuru nguzo mpya za umeme wa kiwango cha kati ziwe salama kwa ndege, na ikatoa miaka 10 zile za zamani za hatari zirekebishwe. Sudan ni upande wa pili wa hadithi hiyo. Katika miaka ya 1950 ilijengwa laini ya kilomita 31 kutoka Port Sudan, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, katika njia wanayopita tumbusi wa Misri wakishuka Afrika kukwepa baridi. Huyu ni ndege mweupe mwenye uso wa manjano, hodari kiasi cha kuokota jiwe na kuvunjia yai la mbuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtafiti mmoja alikuta mizoga yao kama 50 chini ya laini ile. Mwaka 2010 watafiti wengine walirudi, wakakuta mizoga 17 mipya. Katika miongo yote hiyo inakadiriwa kwamba waliokufa ni mamia, labda maelfu. Mwaka 2014 laini ikazimwa, ikajengwa nyingine yenye nyaya zilizovishwa. Kilomita 31 ni mwendo wa nusu saa kwa gari.

*

Mchana tuliingia Hell's Gate, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1984, ambapo tumbusi wa Rüppell hukaa kwenye kuta za miamba mirefu. Wawili walikuwa wakizunguka juu yetu bila kupiga bawa. Mwaka 1973 mmoja wa aina yao aligongana na ndege ya abiria angani juu ya Abidjan, kwenye kimo cha zaidi ya mita 11,000, na hakuna ndege mwingine ambaye imethibitishwa kuwa amepanda juu kuliko hapo. Leo yumo katika orodha ya walio ukingoni kabisa mwa kutoweka. Pima yake hufika mita 2.4 na zaidi. Tai mkubwa wa mbuga, mwenye madoa kwenye tumbo jeupe, naye hupita mita 2, na hutaga yai moja tu, mara nyingi akilea kinda mmoja kwa miaka miwili. Ndege wa namna hiyo hana akiba. Nguzo moja ikimchukua mzazi, imechukua miaka.

Ndani ya hifadhi hiyo hiyo iko Olkaria, mahali Kenya inapochimba mvuke wa ardhini kuzalisha umeme tangu mwaka 1981. Mabomba ya mvuke yanakatiza kwenye vichaka kama nyoka wakubwa wa fedha. Mzee alinisimamisha mbele ya mahali ambapo bomba linainuka ghafla, linapanda juu, linakwenda hatua kadhaa hewani, kisha linashuka tena na kuendelea na safari yake.

"Unajua mlango huu ni wa nani?"

Nilikisia kuwa ni wa magari.

"Wa twiga."

Nilisimama pale muda. Mhandisi fulani, akiwa na karatasi yake na namba zake za joto na shinikizo, aliinua kalamu akauliza twiga ana urefu gani. Akapewa jibu, akaliinua bomba. Mvuke haukupungua. Umeme haukupungua. Twiga wanapita. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba jambo hili ni la nchi tajiri, wala kwamba hatujui kulifanya. Tumekwisha kulifanya, hapa hapa, kwa mnyama anayetembea chini. Aliyebaki nje ya hesabu ni yule anayetua juu.

Na hesabu hiyo ni yetu pia. Wakenya wanaikumbuka tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja alipoanguka juu ya transfoma katika kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, na nchi nzima ikaingia gizani kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili alipona. Ndege anapoungua juu ya nguzo ya kijiji hazimi nchi, lakini laini inatripu: mashine ya kusaga inasimama, friji ya chanjo zahanatini inaanza kupata joto, na fundi anaamshwa usiku kutafuta hitilafu asiyoijua. Mara nyingine ndege huanguka akiwaka, na nyasi kavu zikadaka moto. Mzee aliwahi kutafuta hitilafu ya namna hiyo usiku kucha akiwa kijana, akakuta chanzo asubuhi, tai mzima aliyebanwa kati ya jampa mbili. "Nilimteremsha mimi mwenyewe," aliniambia. "Alikuwa mzito kama mtoto mchanga. Tangu siku hiyo nikaanza kuangalia."

Sitaki mtu asome haya akadhani nawaonea ndege huruma kuliko watoto wanaosoma kwa koroboi. Nataka nguzo zifike kila kijiji. Nimeona mama akiwasha taa kwa mara ya kwanza, na sitaisahau sura yake. Ndiyo hasa sababu ya kusema sasa, wakati nguzo nyingi bado ni michoro. Kitambaa kikishakatwa hakirudi kwenye jora.

*

Jioni ya mwisho tulirudi uani kwa Mzee. Vijana wawili walikuwa wamefika kwa somo la siku iliyofuata, na aliwaita wasogee. Akaomba futikamba yangu. Akashika kichuma cha ncha moja kwenye kikombe cha kwanza, akampa kijana mmoja ncha ya pili aivute kuelekea kikombe cha pili. Kikombe kilikuwa karibu mno, futikamba ikalegea katikati na kuning'inia.

"Sogeza," akasema.

Kijana aling'oa kikombe, akakisogeza. Futikamba bado ililegea.

"Sogeza."

Mkono ukaisha. Kijana akamtazama Mzee, akageuka kunitazama mimi, kana kwamba mmoja wetu angemruhusu aache pale. Mzee akamwonyesha rundo la mbao ukutani. Walichagua ubao mrefu zaidi, wakautoa mkono wa zamani, wakaufunga mpya, wakarudisha vikombe. Safari hii futikamba ilinyooka tii, kuanzia namba zilizofutika kwa vidole vya baba mpaka kichuma cha mwisho. Mzee akapiga misumari miwili midogo, mmoja kila ncha, akaiacha pale pale.

"Nitaing'oa, binti yangu, usihofu," akasema alipoona nimenyamaza. "Ni ya marehemu."

Nilimwambia aiache. Kipimo hukaa pale nguo inapokatwa.